Jirani Anakula Hela za TASAF: Nimseme au Ninyamaze?

Mwezi huu barua tano zimegusa jambo moja: msaada wa serikali unaodaiwa kuingia nyumba isiyostahili. Nne zimeandikwa na wanaomtazama mwenzao, ya mwisho na mlengwa mwenyewe. Zimejibiwa na maafisa ustawi wa jamii na wanasheria wa safu hii. Majina ya waandishi tumeyaacha.

Jirani yangu ni mjane, yumo TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, unaolipa ruzuku kaya maskini) tangu 2015. Sasa ana nyumba ya bati, mbuzi saba, na mwanawe wa Dar es Salaam kamwekea sola. Dada yangu ana watoto watano na nyumba ya nyasi, lakini hakuandikwa. Isitoshe, nasikia jirani ameandikisha wajukuu wawili ambao hawakai pale. Mwenyekiti wa kijiji ni shemeji yake. Nikimsema nitaonekana mchongezi. Nifanyeje? – Msomaji, Mkoa wa Morogoro

Umefunga mambo matatu kwa kamba moja: mali ya jirani, wajukuu, na dada yako. Katika hayo, ni la wajukuu peke yake ambalo likithibitika laweza kuitwa udanganyifu. Tuanze na mbuzi, maana mbuzi ndio waliokuudhi.

Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF haukuwekwa ili mlengwa abaki vilevile alivyoandikwa. Ruzuku inalipwa kila baada ya miezi miwili, na walengwa wanahimizwa kuingia vikundi vya kuweka akiba, kununua kuku au mbuzi, kuezeka nyumba. Viongozi wakitembelea kijiji, kaya wanazoonyeshwa ni hizo hizo zenye banda jipya na bati linalong'aa. Kwa hiyo mjane aliyeandikwa 2015 hana kitu, na leo ana mbuzi saba, huenda amefanya kile hasa alichoelekezwa. Kaya ya namna hiyo huondolewa kwa njia inayoitwa kuhitimu, baada ya kufanyiwa tathmini. Kuhitimu si adhabu, na kuchelewa kuhitimishwa si kosa la mjane.

Sola nayo imetoka kwa mwanawe. Katika hesabu za mpango, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kijana aliyehamia Dar na kuanza maisha yake si mwanakaya wa mama yake, hata kama kila Idi au Krismasi anatuma gunia la mchele. Unachopima wewe kwa kutazama juu ya ua ni mali ya ukoo mzima. Dodoso, ile fomu ya maswali iliyojazwa wakati wa uteuzi, lilipima kaya.

Na hilo dodoso lenyewe lina makosa yake, tusifichane. Uteuzi ulipita hatua mbili kubwa. Kwanza, mkutano wa hadhara wa kijiji, mtaa au shehia ulitaja kaya zinazoonekana maskini kabisa. Kisha kaya zilizotajwa zikajaziwa dodoso: watu wangapi, paa la nini, sakafu ya nini, mkuu wa kaya amesoma hadi wapi, mna mali gani. Majibu yanaingizwa kwenye kompyuta, inatoka alama, na alama ndiyo inayoamua. Alama hiyo ni makadirio. Kaya maskini hukosa kwa sababu ya kitu kimoja kilichoandikwa vibaya, na kaya yenye nafuu huingia kwa sababu hiyo hiyo. Dada yako yaelekea aliangukia hapo, au siku ya mkutano hakuwapo na hakuna aliyemtaja.

Ndiyo maana tunakuomba uitenganishe kabisa hoja ya dada yako na ya jirani. Jina la jirani likifutwa leo, la dada yako haliingii mahali pake kesho. Kaya mpya huandikwa kwenye awamu za utambuzi, kwa utaratibu ule ule wa mkutano na dodoso. Dada yako aende mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji, au kwa mratibu wa TASAF pale halmashauri, apeleke malalamiko ya kuachwa, yaandikwe, na apewe tarehe. Ukiyapeleka yote pamoja, anayesoma ataona mtu anayetaka nafasi ya mwenzake, na lile la wajukuu, ambalo lina uzito, litatupwa kapuni pamoja na wivu.

Sasa wajukuu. Sehemu ya ruzuku hutegemea watoto waliomo ndani ya kaya, na huambatana na masharti: mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, mdogo apelekwe kliniki. Mtu akiandikisha watoto ambao hawali chungu chake, fedha inayoongezeka si yake. Ila usikimbilie hapo. Watoto wa kulelewa na bibi ni wengi mno nchini, na ni wanakaya halali wa bibi. Mtoto anaweza kuwa alikaa pale miaka mitatu, akachukuliwa na mama yake muhula uliopita, na taarifa haijarekebishwa. Wewe mwenyewe umeandika "nasikia". Umesikia kwa nani? Watoto hao walionekana pale mara ya mwisho lini? Wanasoma shule gani sasa? Kama huna jibu hata la swali moja kati ya haya, huna taarifa bado. Una maneno ya kisimani.

Ukiwa nalo, usiende shuleni kudai daftari la mahudhurio. Mwalimu hana ruhusa ya kukupa, na ukifika pale kijiji kizima kitajua kabla ya saa sita mchana. Fomu za mahudhurio zipo, na mwenye kazi ya kuzilinganisha ni mwezeshaji wa mpango.

Upeleke wapi? Kwa kawaida mlango wa kwanza ni Kamati ya Usimamizi ya Jamii iliyochaguliwa na kijiji, au mtendaji. Kwako wewe, mwenyekiti akiwa shemeji wa anayetajwa, ruka ngazi hiyo. Nenda moja kwa moja kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri, ambaye ukimkosa utaelekezwa na ofisi ya maendeleo ya jamii. Taarifa nyingi hufia kijijini: inapokelewa kwa mdomo, haiandikwi, na jioni yake mhusika anakuja mlangoni kwako kuuliza ulimwambia nini mwenyekiti.

Andika. Ukurasa mmoja unatosha. Tazama tofauti hii. Taarifa inayotupwa huwa hivi: "Mama fulani ni tajiri, anakula hela za maskini, serikali imuangalie." Hapo hakuna cha kukagua. Taarifa inayofanyiwa kazi husema: "Kaya ya (jina), kitongoji cha (jina). Watoto wawili walioandikwa, wa umri wa kama miaka 9 na 11, sijawaona nyumbani hapo tangu Januari mwaka huu. Nimeelezwa na mzazi wao kwamba wanaishi na kusoma Dumila. Sijui kama kaya imetoa taarifa ya mabadiliko." Sentensi ya mwisho ina kazi kubwa. Inaonyesha unatenganisha ulichoona na usichokijua, na mkaguzi huiamini zaidi karatasi yenye kukiri hivyo. Neno "mwizi" usiliandike popote.

Baki na nakala, andika nyuma yake tarehe na jina la aliyepokea. Ukiogopa kutaja jina lako, unaweza kutolitaja, lakini elewa bei yake: karatasi isiyo na jina haiwezi kuulizwa swali la pili. Ipo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema, kwa mamlaka husika. Haimlindi anayejua kuwa anasema uongo, wala haimhusu anayerusha picha ya kitambulisho cha mlengwa kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Huyo wa WhatsApp anajitafutia kesi, maana ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hiyo haiulizi sana kama ulikuwa na hasira.

Na kuna jambo hukuliuliza ila barua yako imelinusa: shemeji. Rais Magufuli alipozindua kipindi cha pili cha mpango, Februari 2020, alizungumzia kaya zaidi ya 73,000 zilizoondolewa baada ya uhakiki. Kulikuwa na za watu waliokwisha kufa, waliohama, na zisizo maskini. Maiti hajiandikishi wala haendi kupokea malipo. Nyuma ya jina la marehemu kuna mtu hai anayeshika orodha au simu. Kama unachokijua ni kwamba viongozi wanapitisha majina ya ndugu zao, au siku ya malipo kuna meza ya pili ambapo kila mlengwa "anachangia" elfu mbili ya kamati kabla ya kuondoka, hilo si la mratibu peke yake. Ni la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa: ofisi ya wilaya, au piga 113, bure. Hapo unahitaji siku, mahali, kiasi, na majina ya wawili watatu waliokatwa walio tayari kusema. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa ubadhirifu na matumizi mabaya ya mamlaka. Kwa maoni yetu, nguvu ya kijiji ingefaa kwenda huko kwanza, kabla ya kuhesabu mbuzi wa mjane.

Je, umwambie jirani kwanza? Kwa la watoto, ndiyo, ikiwa mnasalimiana vizuri. "Mama, wajukuu wakihama inabidi kamati ijulishwe, usije ukakatwa" ni neno la ujirani, na mara nyingi linamaliza jambo. Kwa la viongozi kukata fedha, hapana. Usimwonye mtu anayeweza kuficha daftari.

Hapa kwetu mzee mmoja mwenye maduka mawili na nyumba ya kupangisha anapokea Pensheni Jamii kila mwezi. Wazee masikini wapo wanataabika. Tumshitaki kwa Sheha? – Msomaji, Unguja

Hakuna la kushitaki. Pensheni Jamii ya Zanzibar, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye kupandishwa hadi 50,000, haipimi umasikini. Inapima umri na ukaazi: mzee wa miaka 70 na zaidi, basi. Mwenye maduka na asiye na kitu wanasimama foleni moja, na imefanywa hivyo makusudi, kwa sababu kupima umasikini wa kila mzee kunagharimu fedha na kunawaacha nje wengi waliostahili. Unaweza kuona si haki; hiyo ni hoja ya kupeleka kwa Mwakilishi wako, si kwa Sheha.

Udanganyifu katika pensheni hii una sura mbili tu za kawaida: umri ulioongezwa, na mzee aliyefariki ambaye pesa yake bado inachukuliwa. Na mzee dhaifu anayechukuliwa pesa na mwanawe si udanganyifu, iwapo mwana huyo anatambuliwa na ofisi na pesa inamfikia mzee. Isipomfikia, hilo ni la ofisi ya ustawi wa jamii, tena la haraka.

Nyanya wa jirani alifariki mwaka jana. Alikuwa kwenye Inua Jamii. Mjukuu wake bado anatoa zile pesa. Ni deni la familia au ni wizi? – Msomaji, Kilifi

Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na ni haki ya mtu, si ya boma. Hairithiwi. Mjukuu yaelekea aliandikishwa kama mlezi ili amtolee nyanya, na hilo lilikuwa sawa alipokuwa hai. Siku alipozikwa, kazi ya mlezi iliisha.

Kabla hujamwita mwizi, angalia kama kifo kilisajiliwa. Mtu akifia nyumbani, anayepaswa kuarifiwa ni naibu wa chifu, na ndiye hutoa kibali cha mazishi. Familia nyingi hudhani kwamba chifu akijua, serikali yote imejua. Sivyo. Rekodi ya kifo na orodha ya malipo ni vitabu viwili, na vinaweza kukaa miezi bila kusomana. Mwambie mjukuu aende kwa afisa wa huduma za jamii wa kaunti ndogo akiwa na cheti cha kifo, aseme mwenyewe. Anayejitokeza husikilizwa tofauti na anayeletwa. Akikataa, wewe nenda kwa afisa huyo huyo, au kwa kamati ya walengwa ya eneo lenu, utaje jina la marehemu na mwezi aliozikwa. Hayo mawili yanatosha. Ya kadi na namba ya siri waachie wao.

Niko London. Jirani, Mswahili mwenzetu, anapokea PIP na Universal Credit. Asubuhi anaenda kazini, mlangoni ana gari jipya, na kuna mwanamume analala pale. Kodi yangu inakatwa kila mwezi. Nipige simu? – Msomaji, London

Namba unayoitafuta ni 0800 854 440, ya Wizara ya Kazi na Pensheni, na fomu ipo kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Si lazima utaje jina lako. Sasa subiri kidogo kabla hujashika simu, maana kati ya mambo matatu uliyoyaona, mawili karibu hayana maana.

PIP ni malipo ya mwenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu, na haitazami kipato wala akiba. Mtu anaweza kuwa na kazi ya kutwa nzima na PIP yake ikawa halali. Kinachopimwa ni jinsi anavyoweza kupika, kuoga, kuvaa, kutembea na kadhalika, kwa usalama na kwa kurudiarudia. Ugonjwa unaobadilika huruhusu mtu atembee vizuri Jumatatu na asiinuke kitandani Jumatano. Wewe unamwona siku anazotoka. Siku nyingine humwoni, kwa hiyo huzihesabu.

Gari je? Anayepata kiwango cha juu cha PIP ya kutembea anaweza kuyaelekeza malipo hayo kwenye mpango wa Motability na kukodishiwa gari, mara nyingi jipya kabisa, na anaweza kumweka mtu mwingine kuwa dereva. Gari linalong'aa mlangoni pa mgonjwa ndilo linalochochea simu nyingi za majirani, na mara nyingi ndilo lenye maelezo mepesi kuliko yote.

Universal Credit, msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo au wasio na kazi, nayo inaruhusu kazi. Kwa kila pauni ya mshahara inayohesabiwa baada ya kodi, malipo hupungua kwa peni 55, na wenye watoto au walioonekana kuwa na uwezo mdogo wa kufanya kazi wana kiasi kinachosamehewa kwanza. Mwajiri anapopeleka mishahara kwa mamlaka ya kodi, wizara inaiona. Hivyo aliye kwenye orodha rasmi ya mishahara hana cha kuficha hapo. Kinachofichika ni kazi ya kulipwa taslimu mkononi. Kinachofichika pia ni akiba: hadi pauni 6,000 haihesabiwi, kati ya hapo na 16,000 malipo hupungua kidogo kidogo, na zaidi ya 16,000 kwa kawaida hakuna Universal Credit. Hapo nyumba iliyojengwa Mombasa au Mbezi na kupangishwa, ambayo watu wetu huiona kama "ya kule nyumbani", ni mali inayotakiwa kutajwa. Wengi hujikwaa hapo bila kujua, na kutojua hakufuti deni.

Limebaki la mwanamume. Wanaoishi kama mume na mke huomba Universal Credit pamoja, na kipato cha wote wawili huhesabiwa. Watu husema akilala siku tatu kwa wiki tayari ni kosa. Kanuni ya siku tatu haipo. Huangaliwa mambo mengi kwa pamoja: anwani yake rasmi iko wapi, nani analipa bili, wana watoto, wanajitambulishaje kwa watu. Mgeni, kaka, au mchumba mwenye nyumba yake kwingine hambadilishi mtu kuwa wanandoa.

Kwa hiyo, kama ulichonacho ni gari na kutoka asubuhi, usipige. Kama unajua anafanya kazi ya taslimu mahali fulani, siku fulani, au kwamba huyo bwana ameishi pale miaka miwili na barua zake zinafika hapo, hizo ni taarifa. Toa jina, anwani, siku, saa, mahali pa kazi. Usimpige picha, usimfuate kazini, usiulize watoto wake.

Ukishatoa hutaambiwa matokeo. Malipo yakiendelea usidhani wamepuuza. Huenda wamekagua wakaona kila kitu kilishatajwa. Likipatikana kosa, fedha hudaiwa. Badala ya mahakama anaweza kupewa adhabu ya asilimia 50 ya kilichozidi, isiyopungua pauni 350 wala kuzidi 5,000, na kosa zito hupelekwa mahakamani. Kwa mtu anayesubiri uraia, hukumu ya namna hiyo inaweza kuharibu ombi lake zima. Hatukuambii hili ili umhurumie mwongo, ila ujue uzito wa simu ya dakika kumi.

Mimi ndiye mlengwa. Mwanangu mkubwa amehama, sijatoa taarifa. Sasa jirani anataka nimpe elfu ishirini kila malipo, la sivyo ataniripoti. – Mlengwa, Mkoa wa Lindi

Usimpe hata senti. Ukimpa mara moja umekiri, na malipo yajayo atataka elfu thelathini. Anachofanya ni kudai fedha kwa vitisho, na hilo ni kosa lake la jinai, hata kama anachokisema juu yako ni kweli.

Mnyang'anye silaha. Kabla ya malipo yajayo nenda kwa mwezeshaji au mratibu, ukiwa na kitambulisho chako cha mlengwa, useme: mwanangu fulani alihama mwezi fulani, naomba arekebishwe kwenye kaya. Omba iandikwe mbele yako. Huenda ruzuku ikapungua, huenda ukaulizwa ya nyuma. Jibu ukweli na miezi halisi. Kisha mueleze juu ya jirani. Kama alikutumia ujumbe wa simu, usiufute, na upeleke simu yenyewe polisi. Kama alisema kwa mdomo, andika leo alisema nini, saa ngapi, na nani alikuwa karibu, kabla hujasahau.